Mashavu Mia kwenye Kioo Kimoja

Kacha. Ukapita ukimya mfupi. Kacha tena.

Kulikuwa bado giza, na majogoo wa mtaa wa Kharguli hawajaamua kama kumekucha, lakini Makhoni alikuwa ameshaketi kitandani mwake anakata popoo. Torulata alimsikia kupitia ukuta mwembamba uliogawa vyumba vyao. Tangu mume wa Torulata afariki na kuwaacha wao wawili, mke na dada, ndani ya nyumba ile moja, alikuwa amejifunza kuusoma mkasi wa wifi yake. Ukikata taratibu, mwenyewe amelala vizuri. Ukikata upesi upesi kisha ukanyamaza, shavu limemsumbua.

Leo ulikata upesi, ukanyamaza.

Torulata akajifunga shali, akainjika maji ya chai, akaenda kusimama mlangoni.

"Umeamka, wifi?"

"Nani alilala? Unakoroma kama kivuko kinachopanda mto."

"Shavu vipi?"

"Lipo. Halijaenda popote."

"Hebu nione."

"Mimi ng'ombe wa mnadani, nifunuliwe mdomo kila asubuhi?" Lakini aliufunua, akageuza uso kuelekea mwanga wa simu ya Torulata. Baka lilikuwa palepale, karibu na magego ya chini, mahali alipozoea kulaza tambuu yake tangu usichana. Lilikuwa jeupe, lina mkwaruzo kidogo, kama utando wa maziwa ulioganda ukingoni mwa sufuria.

"Alhamisi ni kliniki," Torulata alisema.

"Alhamisi nina kazi."

"Kazi gani?"

"Nitaitafuta."

Hospitali ya saratani alikofanya kazi ilikuwa imelikata lile baka mara tatu, kila mwaka kijipande, na mara zote jibu lilikuwa moja: si saratani, lakini tuendelee kuangalia. Mwisho daktari wa upasuaji akashauri waliondoe lote. Hapo Makhoni akagoma. "Mmenikata mara tatu mkaniambia hakuna kitu," alisema. "Sasa mnataka kukata kitu ambacho hakipo?"

Swali hilo lilimuumiza Torulata. Alikuwa ametumikia maabara ya patholojia karibu maisha yake yote, akikata nyama za watu zilizogandishwa ndani ya nta, vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, na kuvilaza juu ya vioo ili madaktari wavisome kwenye hadubini. Alijua kwamba mabaka meupe mengi hukaa kimya mpaka mtu azeeke nayo. Alijua pia kwamba machache hugeuka. Na alijua kwamba chini ya hadubini, yale ya kukaa kimya na yale ya kugeuka yanafanana kama mapacha. Hapakuwa na mtu hospitalini pale wa kumwambia Makhoni shavu lake ni la upande upi.

Labda leo angepatikana.

Akamimina chai, akampelekea wifi yake pamoja na kipande cha sukari guru. "Leo ndiyo tunatia rangi kile kioo," alisema.

"Kile mlichonipanda?"

"Kile kile."

"Basi kikimea, nipigie."

* * *

Daktari Nilakhi Gohain alikuwa amefika maabarani kabla yake, na hilo lilimjulisha Torulata kwamba binti huyo hakulala. Alikuwa amevaa viatu viwili visivyofanana rangi. Torulata aliona, akageuzia macho pembeni asije akamwaibisha.

"Dada Toru, umekunywa chai?"

"Nimekunywa. Wewe je?"

"Sikumbuki."

Torulata akatoa kwenye mfuko chombo chake cha wali wa kupondwa na mtindi, akamsogezea, akasimama pale mpaka akaona kijiko kimeingia mdomoni.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Miaka kumi nyuma walikuja watu wengi pale na mabaka meupe mdomoni. Kila mmoja alikatwa kijipande, kikahifadhiwa ndani ya kibonge cha nta chenye ukubwa wa kipande cha sabuni ya kuogea kilichokaribia kwisha. Miaka imepita. Sasa inajulikana nani aliugua saratani na nani yuko salama. Daktari Nilakhi alitaka kuuliza swali moja: siku ile ya kwanza, wakati wote wanafanana, palikuwa na alama yoyote ndani ya nyama iliyowatofautisha?

Alikuwa na alama moja ya kujaribu, protini fulani, na alikuwa na kingamwili, yaani dawa inayoitafuta protini ile peke yake na kuing'ang'ania, ili rangi ya kahawia ijitokeze mahali ilipo. Tabu ni kwamba dawa ile ilikuja kutoka mbali ndani ya barafu, kichupa kidogo kama cha dawa ya macho. Kwa mtindo wa zamani, mgonjwa mmoja kioo kimoja, ingekwisha kabla hawajafika hata robo ya watu. Na macho ya binti yangekwisha pamoja nayo.

Ndipo akaleta mtindo aliojifunza alikokwenda kusoma. Unachukua sindano yenye tundu, unachoma kibonge cha mgonjwa, unatoa kijiti chembamba cha nyama na nta. Unakipanda kwenye kibonge kingine kitupu ulichokitoboa mashimo kwa mistari. Kisha wa pili, wa tatu, mpaka unakuwa na shamba zima, watu mia ndani ya kibonge kimoja. Ukikata ganda moja tu jembamba juu ya shamba lile, umepata watu wote mia kwenye kioo kisichozidi kidole. Tone lile lile la dawa linawaangukia wote kwa pamoja, maji yale yale, dakika zile zile. Hakuna wa kulalamika kwamba mwenzake amependelewa.

Mashine ya kazi hiyo hawakuwa nayo. Walitumia sindano nene ya kuchukulia uboho, na mikono ya Torulata, ambayo kabla ya maabara ilizoea kitanda cha kufumia vitambaa. Daktari alichora ramani ya mistari, na konani kijiti cha ini kiwe alama; Torulata akapanda. Katika mstari wa mwisho alipanda vijiti vitatu vya wifi yake, kimoja kwa kila mwaka aliokatwa. Daktari Nilakhi mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwomba Makhoni ruhusa. Hakumwomba akiwa amesimama. Alichuchumaa mbele ya benchi la kliniki mpaka macho yao yakalingana. Makhoni alimtazama, akasema, "Vimeshatoka mdomoni mwangu. Vipandeni hata kama mpunga."

Siku alipomaliza kupanda, Torulata alikiinua kile kibonge kwenye mwanga wa dirisha akaona kimependeza, mistari imenyooka, kona zote nne zimekaa sawa. Akaridhika.

Kioo cha kwanza kiliharibika; vipande vilibanduka wakati wa kuchemsha vikaelea kama makapi. Dawa iliyobaki ilitosha vioo viwili. Hiki cha leo kilikuwa kimojawapo.

Wakakichemsha kwenye sufuria ya presha, ile ile aina ya jikoni, kwa sababu nyama iliyokaa ndani ya nta miaka kumi haifungui mlango mpaka ipashwe moto. Sufuria ikapiga mluzi.

"Mwalimu Bezbarua akisikia, atakuja na sahani," Daktari Nilakhi alisema. "Atadhani ni dengu."

"Aje. Tutampa mashavu."

Walipofunua, vipande vyote vilikuwa mahali pake. Daktari akashusha pumzi. Wakaweka tone la dawa, wakangoja, wakaosha, wakaweka la pili, wakaosha tena. Kisha ukaja wakati ambao Torulata, pamoja na uzee wake wote katika kazi, hajawahi kuuzoea. Unadondosha maji ya rangi, unainama, unatazama. Mara ya kwanza huoni kitu. Halafu hapa nukta moja inaanza kupata wekundu wa chai hafifu, pale nyingine, na nyingine, kama taa za ng'ambo ya mto zinapowashwa jioni, nyumba hii ndiyo, nyumba ile siyo.

"Zinatoka," Daktari Nilakhi alinong'ona, akaushika mkono wa Torulata bila kujua. "Dada Toru, zinatoka."

Zilitoka kweli. Baadhi zilikuwa kahawia iliyokolea, baadhi zilibaki zimepauka, na hapakuwa na shaka ipi ni ipi.

Asubuhi yote daktari alisoma kioo nukta baada ya nukta, naye Torulata akaandika. Daktari hakujua nani aliugua na nani hakuugua. Habari hizo aliziweka Profesa Bezbarua, mkuu wa idara, ili jicho la msomaji lisivutwe na moyo. Lakini kwa yale mashimo matatu ya mstari wa mwisho Torulata hakuhitaji kuambiwa na mtu. Walipoyafikia, akainua macho kutoka kwenye karatasi.

"Imepauka," daktari alisema, akasogeza kioo. "Imepauka. Na hii pia imepauka."

Torulata akaandika mara tatu neno lile moja. Saa ya chakula haikufika upesi vya kutosha. Alikwenda nyuma ya chumba cha majokofu, akapiga simu.

"Wifi, zako nyeupe. Zote tatu. Nimeona kwa macho yangu."

Makhoni akacheka, kicheko ambacho Torulata hakuwa amekisikia tangu mwaka jana. "Si niliwaambia? Basi Alhamisi msiningoje. Wala Alhamisi nyingine. Leo napika samaki wa mchuzi mchachu, wahi kurudi."

* * *

Profesa Bezbarua alikuwa mtu mrefu mwenye meno mekundu kwa tambuu, asiyejua kupaza sauti. Alimwona Torulata akiegemea meza, akainuka akampisha kiti chake, naye akabaki amesimama kama vile ndivyo alivyotaka tangu mwanzo. Akavaa miwani, akaanza kulinganisha majibu ya kioo na yaliyowapata wale watu.

Alianza akiwa na tabasamu. Akafika katikati, tabasamu likaisha.

"Nilakhi," alisema taratibu, "hapa waliougua, nusu wana kahawia na nusu hawana. Na waliosalimika, nusu kwa nusu vilevile. Ni kama mtu amerusha sarafu."

Daktari Nilakhi aliuvuta mkono wa koti lake, akaufunika mkono wake wa kulia, kama mtoto anayesikia baridi.

"Kioo kimoja si mwisho wa dunia," profesa alisema.

"Dawa iliyobaki ni ya kioo kimoja, mwalimu. Na ulisema alama isipoonyesha kitu, hutaniruhusu kutoboa vibonge vingine."

"Nilisema. Vibonge vile ni watu, mwanangu. Akirudi mmoja anaumwa kesho, nitampa nini nikiwa nimemaliza nyama yake kwa majaribio?"

Hapakuwa na hasira katika maneno yale, na ndiyo sababu yaliuma. Daktari akarudi kwenye hadubini, si kwa kutafuta kitu. Alikwenda tu kama mtu anavyorudi kuketi mahali alipokuwa na furaha. Torulata alisimama nyuma yake. Aliiona mikono ya binti ikisogeza kioo ovyo, huku na huku. Halafu ikasimama.

"Hii nini?"

"Ipi?"

"Hii iliyo karibu na mwisho. Chini ya ngozi kuna misuli. Minene, imekatizana pande zote." Akatazama ramani. "Ramani inasema hapa ni shavu. Hili si shavu, huu ni ulimi. Tulipanda ulimi mmoja tu, na tuliupanda mstari wa pili, mwanzoni kabisa." Akanyanyua kichwa. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Dada Toru. Ile alama ya ini tuliyoweka konani, iko kona ipi?"

"Ini?" Torulata akashangaa swali lenyewe. "Ini liko kona zote."

"Zote?"

"Nne."

Profesa akavua miwani.

"Wewe ulichora kona moja," Torulata aliendelea, na kadiri alivyosema ndivyo alivyoanza kusikia maneno yake mwenyewe. "Lakini ini lilibaki, na nilipokitazama kile kibonge kilikaa vibaya. Kona moja imejaa, tatu tupu. Nani anafuma kitambaa akakitia pindo upande mmoja tu? Nikajazia zile nyingine, kipendeze."

"Ini lilikuwa ndilo la kutuambia upande wa juu ni upi," Daktari Nilakhi alisema polepole.

Hapo Torulata akakumbuka lile ganda la nta lilivyozunguka kwenye maji ya vuguvugu ya kulinyooshea kabla ya kulilaza kwenye kioo, alivyolisukuma kwa brashi kulirudisha, na alivyotazama kona ya ini akaiona iko sawa. Ingekosaje kuwa sawa, na kila kona ina ini.

"Nimelilaza kichwa chini, miguu juu," alisema. Akakaa.

Profesa Bezbarua akaanza kucheka. Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, mpaka akapangusa macho kwa ncha ya kitambaa chake. "Karibu miaka thelathini," alisema, "namsifu dada huyu kwa unadhifu. Leo unadhifu umetukaanga."

"Mwalimu, soma kutoka mwisho," Daktari Nilakhi alisema. Alikuwa ameshasimama. "Majibu ni yale yale. Wa mwisho ndiye wa kwanza. Soma tafadhali."

Profesa akageuza karatasi, akaanza upya. "Huyu aliugua."

"Kahawia," daktari alisoma.

"Huyu mzima."

"Imepauka."

"Mzima. Mzima. Aliugua."

"Imepauka. Imepauka. Kahawia."

Wakaenda hivyo, profesa akitaja, naye daktari akijibu, kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja na mchi wa huyu haugongi wa yule. Sauti zao zilipanda. Mafundi wa chumba cha pili wakaja kuchungulia mlangoni, mmoja na sindano mkononi. Palipotokea mmoja aliyeugua na nukta yake imepauka, daktari akaguna; baadaye akatokea mwingine, kinyume chake. Lakini wote waliobaki, mstari kwa mstari, walikaa upande wao. Profesa alipofika mwisho aliiweka karatasi mezani, akaipapasa kwa kiganja, kama mtu anayelaza shuka.

"Wawili wamekaidi," alisema. "Wawili tu katika mia. Nilakhi, mwanangu, unajua umeona nini?"

Binti alikuwa analia na kucheka, viatu vyake viwili visivyofanana vikicheza palepale sakafuni. Mtu akaleta chai. Mtu mwingine akamkumbatia Torulata na kumwambia mjinga mpendwa. Torulata naye alicheka, kwa sababu furaha ile ilikuwa kubwa na hakuna aliyemlaumu. Akacheka mpaka likamjia.

Kama mstari wa mwisho si wa mwisho, basi zile nukta tatu nyeupe hazikuwa za wifi yake.

Daktari Nilakhi alimwona kabla hajasema. Aliweka kikombe chini. "Njoo, dada Toru," alisema kwa sauti ya chini, akamvutia kiti kando ya hadubini. "Tuzitazame pamoja. Sitasoma kutoka kwenye karatasi."

Ya mwaka wa kwanza ilikuwa imepauka. Ya mwaka wa pili imepauka. Ya tatu, ya mwaka jana, ilikuwa nyeupe karibu yote, isipokuwa ukingo mmoja, ambapo kahawia ilikuwa imeanza kupanda kutoka chini, kama maji ya chai yanavyopanda kwenye kipande cha mkate.

* * *

Samaki alikuwa mezani. Makhoni alikuwa amevaa nguo safi na kuchana nywele.

Torulata hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, tangu maini ya kona nne mpaka ule ukingo wa kahawia.

"Mchana nyeupe, jioni kahawia," Makhoni alisema. "Hili ni shavu langu au ni kinyonga?"

"Kosa ni langu, wifi. Kwanza la ini, halafu la simu. Sikupaswa kukupigia kabla mwalimu hajasema. Sikuweza kungoja."

"Hukuweza kungoja." Makhoni alimega samaki, hakumla. "Nimefurahi tangu mchana. Nimemwambia muuza samaki, nimemwambia mama wa nyumba ya pili. Sasa nikawaambie nini?"

"Waambie wifi yako hana akili."

"Hilo wanalijua."

Nje upepo wa Bohag, mwezi wa mwaka mpya, ulikuwa unaanza, unagongesha mabati. Torulata aliona mkono wa Makhoni ukielekea kwenye kijaluba cha tambuu, ukasimama juu ya kifuniko, ukarudi mapajani.

"Na hiyo kona moja," Makhoni alisema. "Alichora ini kona moja tu?"

"Moja."

"Ingekuwa kama mtu aliyevaa hereni sikio moja. Hata mimi ningejazia." Akamsogezea Torulata sahani. "Kaa ule, umesimama kama polisi. Lakini sikatwi kwa maneno, wifi. Maneno nimeyasikia miaka mitatu. Mnasema mmenipanda, basi nipelekeni nikajione."

* * *

Asubuhi Profesa Bezbarua alimpokea mlangoni mwenyewe, akamwita dada, akamrekebishia urefu wa kiti. Makhoni akainamia hadubini, jicho moja amelifumba, mdomo wazi kidogo. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko madaktari wanafunzi wanavyokaa.

"Hawa wote ni watu?"

"Wote," Daktari Nilakhi alisema. "Kila duara ni mtu mmoja na shavu lake."

"Kwenye kioo kidogo namna hii. Kijaluba changu ni kikubwa kuliko mji huu." Akasogeza kioo kwa kidole, kama alivyoonyeshwa. "Wamekaa vizuri. Nani yuko jirani na mimi?"

"Majina hatuyataji, mama. Tunasema tu yaliyowapata."

"Basi niambieni yaliyowapata. Huyu wa kahawia nzito?"

Daktari Nilakhi akamtazama profesa. Profesa akajibu yeye. "Huyo alifariki, dada."

"Na huyu?"

"Alikatwa taya. Yupo."

"Huyu mweupe?"

"Mzima. Mwaka jana alikuja kutuletea machungwa."

Makhoni aliuliza hivyo mmoja mmoja, bila haraka, naye profesa alimjibu bila kumficha na bila kumtisha. Mwisho akafika kwake mwenyewe. Torulata alijua amefika, kwa sababu mgongo wake ulinyooka.

"Mimi ndiye huyu mwenye ukingo."

"Ndiye wewe."

"Mwaka huu umefika wapi, ukingo huo?"

"Hatujui," profesa alisema. "Na nikuambie ukweli, dada. Hiki ni kioo kimoja cha hospitali moja. Hakiapi. Wawili wamekikaidi. Kwa kioo hiki peke yake nisingemshikia mtu kisu. Lakini daktari wa upasuaji alishaogopa kabla yetu, na sasa naogopa pamoja naye. Baka bado ni dogo. Likitoka sasa, linatoka na ngozi tu, si taya."

Makhoni akainua kichwa kwenye hadubini, akamtazama usoni. "Miaka mitatu mnaniambia hakuna kitu, tuangalie. Wewe ndiye wa kwanza kusema unaogopa."

"Ningekuambia zamani, ila sikujua niogope nini."

"Sasa unajua?"

"Sasa nimeona mahali pake."

Makhoni akakirudia kioo mara moja tena, kana kwamba anawaaga waliomo. "Basi likateni lote," alisema. "Lakini mara moja. Sitaki kukatwa kidogo kidogo kama popoo." Kisha akamkazia macho profesa. "Na hayo meno yako mwalimu, yamepakwa rangi na nani?"

Mafundi waliokuwa mlangoni wakaangalia chini. Profesa Bezbarua akatia mkono mfukoni, akatoa furushi lake la majani ya tambuu, akalitumbukiza kwenye ndoo ya taka, taratibu, kama mtu anayemwacha rafiki kituoni.

"Nami naogopa," alisema.

* * *

Walimfanyia upasuaji wiki ile ile. Torulata mwenyewe hakuruhusiwa kuigusa ile nyama. Daktari Nilakhi alisema mtu hakati shavu la nyumbani kwake. Alifanya kazi ile mwenyewe, jioni akaja mpaka Kharguli kwa miguu, mvua imemlowesha mabega, kwa sababu hakutaka kulisema jambo lile kwa simu.

Makhoni alikuwa ameegemea mto barazani, shavu limevimba. Binti akachuchumaa mbele yake, kama siku ile ya benchi.

"Baka lilikuwa limeanza kugeuka, mama. Pale pale ukingoni. Lakini halikuwa limeshuka chini, na kingo zote za ngozi tuliyotoa ni safi. Limetoka lote."

Makhoni hakuweza kutabasamu kwa pande zote mbili. Aliweka kiganja chake juu ya kichwa chenye mvua cha yule binti, akakiacha pale. Torulata akaingia ndani kutafuta taulo, akakaa huko zaidi ya muda unaohitajika kutafuta taulo.

Aliporudi, Daktari Nilakhi alikuwa anaongea kwa mikono yote miwili. Profesa amefungua stoo, vibonge vyote, mamia, hata vya watu wa miji ya Silchar na Dibrugarh vitakuja. Kioo kilichobaki wamekitia rangi jana, na wale wawili wamekaidi tena, wale wale, maana yake si bahati, kuna jambo jingine ndani yao, na yeye anataka kulijua.

"Na ini?" Makhoni aliuliza kwa nusu mdomo.

"Kwenye kibonge kipya, kona moja tu," Torulata alisema. "Limekaa vibaya. Lakini liko moja."

Daktari alikunywa chai yao, akala keki mbili za mchele na ufuta, akakubali ya tatu ifungwe kwenye karatasi aende nayo. Mvua ilipopungua akainuka. Makhoni naye akainuka, ingawa walimkataza, akamsindikiza mpaka kwenye lango, ameushika ukuta.

"Nitarudi nikupe habari za kipimo kinachofuata," Daktari Nilakhi alisema.

"Habari mpe wifi yangu huko huko kazini. Huku njoo tena, mwanangu, lakini siku hiyo usije na jibu la mtu yeyote. Njoo tu, tukae."